Kitenzi cha Kuhadithia: Kutoka kwa Homer hadi Pwani ya Kwale

Mwishoni mwa kitabu cha 12 cha Odyssey, Odysseus anakatiza maneno yake. Habari za kisiwa cha Calypso alikwisha kumweleza Mfalme Alcinous na mkewe siku iliyotangulia, naye hapendi kurudia lililokwisha kusemwa waziwazi. Hapo Homer anatumia mara mbili kitenzi mythologeuo, yaani kusimulia kisa. Katika lugha ya Homer, mythos ilikuwa usemi tu. Kufikia Plato, katika karne ya 4 K.K., neno hilo lilikwisha kuelemea upande wa kisa cha kubuni, na kitenzi chake kilikuwa mythologeo.

Pwani yetu neno hadithi limesafiri njia nyingine. Limetoka katika Kiarabu, na hata leo latumika kwa mapokeo matukufu ya Mtume na kwa vituko vya Sungura vilevile. Msikilizaji wa Diani hachanganyi mambo hayo mawili: hutambua kwa mahali, wakati na msemaji.

Tukiingia Kwale twakuta jambo la kuzingatiwa zaidi. Katika Kiswahili sanifu kitenzi -amba kimebaki kama kisukuku ndani ya -ambia, kwamba na ambaye. Katika Kidigo kingali hai. Msimulizi wa Msambweni husema achiamba pale ambapo sisi twasema akasema. Kiambishi -chi- ndicho kinachosukuma kisa mbele, kama -ka- yetu. Mgeni akikidhania kuwa ni -ki- ya sharti, kisa chote kitampotea.

Aidha, Kikuyu kina kitenzi gana, kusimulia, pamoja na nomino rugano. Kiswahili kina ngano, na Kishona pia. Lakini katika Kiswahili sanifu cha leo kitenzi chenyewe hakisikiki, na mahali pake pameshikwa na -hadithia na -simulia.

Vitenzi hivi viwili vina umbo la kutendea: humdai msikilizaji. Odysseus alimtaja msikilizaji wake kwa kiwakilishi kilicho nje ya kitenzi. Sisi twamtia ndani: nakuhadithia.

Basi tunapofundisha visasili tukumbuke kwamba kisasili ni nomino isiyo na kitenzi chake. Tukiridhika nayo peke yake, tutahifadhi visa na kumsahau anayeambiwa. Mkusanyaji aendaye Kwale na aandike kwanza vitenzi vya wenyeji, ndipo aandike ngano zao.