Jaji asiyepigiwa kura

Mkazi wa Ngombezi, pale Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, hupiga kura mara nyingi maishani. Humchagua mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge na Rais. Jaji hamchagui, ingawa siku moja jaji huyo anaweza kuamua nyumba ya marehemu baba yake ni ya nani.

Kesi ya mirathi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Anayeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na akishindwa tena ana siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu, Tanga. Akitaka kupanda hadi Mahakama ya Rufani, lazima kwanza apate cheti kwamba kesi yake ina hoja ya kisheria. Kila ngazi jalada hunenepa: mwenendo wa shauri, hukumu, sababu za rufaa, mihuri ya wino ikipandana. Mwishoni hulifungua majaji watatu ambao mwenye kesi hajawahi kuwaona.

Zamani rufaa hiyo ya mwisho iliamuliwa na mahakama ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Jaji wake huteuliwa na Rais na hukaa hadi umri wa miaka 65. Kumwondoa kabla ya hapo si jambo la kuamka asubuhi ukaandika barua. Katiba inataka tume maalumu imchunguze kwanza. Kule Missouri, Marekani, tangu mwaka 1940 wamefuata njia nyingine: jaji wa rufaa akimaliza kipindi chake, jina lake huwekwa kwenye karatasi ya kura bila mpinzani, na wananchi hujibu ndiyo au hapana, abaki au aende.

Hakuna jaji wetu aliyekutana na kura kwa sura nyingi kama Augustino Ramadhani. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mwanajeshi wa JWTZ hadi cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na mwaka 1989 akaingia Mahakama ya Rufani. Kuanzia mwaka 1993 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya jaji mwenzake wa rufani, Lewis Makame. Kwa hiyo wazee wa Ngombezi waliopanga foleni mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, walipiga kura iliyosimamiwa na watu wawili ambao wao wenyewe hawakuwahi kupigiwa kura ili wakae kitini.

Mwaka 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania, na hapo ndipo alipokutana na shauri zito kuliko yote. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya kugombea bila chama. Jaji Kahwa Lugakingira alikuwa amempa haki hiyo mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuizima. Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006, Serikali ikakata rufaa. Juni 2010, majaji saba wakiongozwa na Ramadhani walitengua ushindi huo. Walisema jambo hilo ni la kisiasa na wa kulimaliza ni Bunge.

Nakiri hukumu hiyo inaniuma. Jaji aliyelindwa asiogope mtu wala kura ndiye ningetegemea alishike jambo ambalo Bunge halitaki kulishika.

Mwaka huohuo Ramadhani alichaguliwa, safari hii kwa kura kweli: Umoja wa Afrika ulimchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mtikila naye akaifuata kesi yake hukohuko. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Ramadhani hakuwa mezani, kwa kuwa jaji hasikilizi shauri la nchi yake.

Mwaka 2014 majaji wenzake walimchagua Rais wa mahakama hiyo. Mwaka uliofuata, akiwa bado kwenye kiti hicho, alichukua fomu ya kuomba urais wa Tanzania kupitia CCM. Sikuipenda hatua ile, maana mwenye joho huvua kwanza ndipo aende kuomba kura. Jina lake halikuwa kati ya matano yaliyopitishwa na chama.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, Ramadhani Aprili 2020. Hadi uchaguzi wa 2025, karatasi za kura zilizofika Ngombezi hazikuwa na jina hata moja la mgombea asiye na chama.