Kipi Kitangulie?

Manyoni, katika mkoa wa Singida, ni upande wa magharibi wa nchi ya Wagogo. Huko ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, nayo imefungamana na sherehe za jando na unyago. Wimbo upi utangulie na upi ufuate huamuliwa na sherehe yenyewe, na mwenye kuongoza huwaangalia waliomzunguka.

Santuri iliuondoa uamuzi huo uwanjani. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, kila uso wa sahani ulichukua takriban dakika tatu tu. Mwenye gramafoni ndiye aliyechagua kipi kianze, kwa mkono wake. Santuri ndefu ya mwaka 1948, kisha kaseti, zikamnyang'anya hiari hiyo: mpangilio ukawa wa studio.

Sidii, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, ilimrudishia. Mwanzoni mwa sahani mna fahirisi, na nyimbo zaweza kufika 99. Msikilizaji hubonyeza kitufe cha programu mashine ikiwa imesimama, akataja namba, tuseme 7, 2, 5, kisha akaiamuru icheze. Sahani haibadiliki, mashine ndiyo ikumbukayo.

Na katika mashine nyingi, droo ikifunguliwa, kumbukumbu hufutika. Mpangilio huo huishi kikao kimoja, kama ule wa uwanjani. Lakini uwanjani mpangaji huziona nyuso za wenziwe. Hapa mpangaji ndiye msikilizaji, na aghalabu yu peke yake.