Kutoka Karabai Hadi Chaja

Uvuvi wa dagaa katika maziwa makuu ni kazi ya giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hubaki mwaloni, kwa kuwa taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mbalamwezi. Giza likirudi, taa huelea majini, dagaa hupanda kuufuata mwanga na wavu huwazingira. Kwa hiyo historia ya uvuvi huu ni pia historia ya kinachowasha taa.

Katika Ziwa Tanganyika kuni ndizo zilizotangulia, zikiwashwa kwenye mtumbwi wenyewe. Baadaye ikaja karabai, taa ya pampu inayosukuma mafuta ya taa hadi yageuke mvuke na kukiwakisha kifuko chake cheupe. Chapa ya Petromax ya Berlin ndiyo iliyoipa sifa taa ya aina hii mapema katika karne ya 20, na katika nusu ya pili ya karne hiyo karabai ilikuwa chombo cha kawaida cha mvuvi wa dagaa, Ziwa Victoria likiwamo. Mwanga wake ulikuwa mkali, lakini gharama nayo ilikuwa kali: kifuko huchanika kwa mtikisiko mdogo, kioo hupasuka kikirushiwa maji, na mafuta hula sehemu nene ya mauzo ya usiku. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Aliyelengwa alikuwa mchakachuaji, lakini mvuvi naye aliumia.

Njia nyingine ilikuwa imeshafunguka. Taa za LED zenye mwanga mweupe, zilizoingia sokoni katika miaka ya 1990, zinatumia umeme mdogo kiasi kwamba betri moja ya volti 12 inaweza kuzilisha usiku kucha. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha sola huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambako wavuvi waliazima taa na betri zilizochajiwa na kuzirudisha asubuhi. Mwaloni, biashara ya kuuza mafuta ikaanza kupata mwenzake: biashara ya kuuza chaji.

Hapo ndipo chaja ilipopata umuhimu ambao haikuwa nao. Chaja za zamani za mafundi zilikuwa transfoma nzito isiyojua kusimama: ikiachwa hadi asubuhi, betri ya maji huchemka, maji hupungua na sahani za risasi huharibika. Chaja za kisasa, nyingi zikitoka China, hasa jimbo la Guangdong, hufanya kazi kwa hatua. Kwanza husukuma mkondo mkubwa, kisha hushikilia volti 14.4 hivi mkondo ukipungua, na mwisho hushuka hadi karibu 13.6 ili kuilinda betri iliyojaa.

Chaja ikifa, kosa la kawaida ni kununua yenye ampea nyingi kuliko zote dukani. Kwa betri ya asidi na risasi, kipimo cha busara ni ampea zisizozidi moja ya tano ya uwezo wake: betri ya saa-ampea 50 inatosheka na chaja ya ampea 5 hadi 10. Betri kavu haivumilii volti kubwa kama betri ya maji, kwa sababu maji yake yakipotea hayaongezwi. Betri za lithiamu na chuma-fosfeti, ambazo kemia yake ilichapishwa Marekani mwaka 1997, zina masharti yao. Chaja yenye hatua ya kufufua betri za risasi inaweza kupandisha volti kupita 15, na hapo saketi ya ulinzi ndani ya betri hukata umeme. Mnunuzi husoma kwanza aina ya betri, ndipo asome ampea.

Mahali pa kuchajia napo pana masharti. Betri ya asidi hutoa hidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo kibanda kilichofungwa madirisha, chenye jiko la mkaa pembeni, ni hatari halisi. Na chaja inapokaa kwenye chombo cha baharini, chumvi huila mapema kuliko kazi yenyewe: yenye kasha lililozibwa lisilo na feni, na nyaya za shaba zilizopakwa bati, hudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu.