Redio za Valvu na Santuri: Jinsi Sauti Zilivyofika Mlima Meru

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, sehemu baada ya sehemu, kisha wanakisomo wajibu maswali yaliyo mwishoni.

 Ndugu zangu wanakisomo wa Olmotonyi, Ngaramtoni na pande zote za Mlima Meru. Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni historia ya chombo mnachokisikiliza sasa hivi, yaani redio, pamoja na ndugu yake mkubwa, santuri.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu bado kuna redio kubwa ya sanduku la mbao iliyowekwa darini, au gramafoni iliyovunjika mkono wake, au santuri chache zilizofungwa katika gunia. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita wakavichukua kwa bei ya kilo. Basi leo tutajiuliza mambo matatu. Sauti ya binadamu ilianzaje kuhifadhiwa? Redio ilitufikiaje? Na kwa nini tufikiri kwanza kabla ya kumpa mnunuzi wa chuma kile chombo cha baba?

Sehemu ya kwanza: Sauti juu ya sahani

Tangu zamani, mtu aliyetaka maneno yake yasipotee aliyaandika, au alimfundisha mwanawe ayashike moyoni. Lakini sauti yenyewe ilizikwa pamoja na mwenyewe. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kuishika sauti na kuitoa tena. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner alibuni santuri iliyo bapa kama sahani. Ndiyo iliyoenea duniani kote.

Itazameni santuri kwa makini. Juu yake pana mfereji mwembamba kama unywele, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mfereji huo una mawimbi madogo madogo. Sindano ikipita ndani yake hutikisika, na mtikisiko ule ndio unaotoa sauti. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika moja, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Zilitengenezwa kwa ulimbo unaotolewa na wadudu wadogo wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Kwa hiyo santuri hizo ni ngumu, lakini zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo.

Kwa watu wa vijijini jambo kubwa lilikuwa hili: gramafoni haikuhitaji umeme wala betri. Ilikuwa na kamani kama ya saa. Ukiuzungusha mkono wake, kamani hukazika, kisha hufunguka polepole na kuizungusha santuri. Mahali popote ambapo mtu aliweza kubeba sanduku, muziki uliweza kufika.

Mwaka 1928 waimbaji wa Unguja walipanda meli wakaenda Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Miongoni mwao alikuwamo Siti binti Saad, aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba. Mama huyu alikuwa akiuza vyungu, na hakupata kusomeshwa shuleni. Santuri zake zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza za Kiswahili kuuzwa Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Zaidi ya miaka 70 imepita, na sauti yake bado yasikika. Wanakisomo, litafakarini jambo hili. Mtu ambaye kalamu ilimpita aliacha kumbukumbu inayodumu kama kitabu, na wala si tajiri wala mtawala. Zipo sauti nyingine nyingi za namna hiyo, na baadhi yake zimebaki katika nakala chache tu. Nakala moja yaweza kuwa katika gunia lile la darini.

Sehemu ya pili: Chupa za kioo

Sasa tuje kwenye redio. Mkifungua redio ya zamani mtaona ndani yake chupa ndogo za kioo zinazofanana na balbu za taa. Mafundi huziita valvu. Valvu ya kwanza ilibuniwa na John Ambrose Fleming wa Uingereza mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza ndani yake wavu mdogo wa waya, na wavu huo ndio ulioleta mabadiliko makubwa.

Kazi yake ni nini? Ninyi wakulima wa Meru mnaujua mfereji wa maji utokao mlimani. Mtoto mdogo akiinua kibao kilichouzuia mfereji, maji mengi hupita shambani. Nguvu ya maji yale hutoka mlimani. Mtoto huyaongoza tu kwa mkono wake mdogo. Ndivyo ilivyo valvu. Umeme mwingi wa betri ni kama maji ya mlimani. Ule wavu ni kama kibao. Mawimbi ya redio yanayofika kutoka mbali ni dhaifu mno, kama mkono wa mtoto, lakini yakiugusa wavu huuongoza umeme mwingi upite au usipite. Hivyo sauti iliyofika ikiwa dhaifu hutoka ikiwa kubwa, na chumba kizima chaisikia.

Lakini valvu haifanyi kazi mpaka waya wake wa ndani upate moto. Ndiyo maana redio ya valvu iliyounganishwa na umeme wa nyumba hukaa kimya kwanza, kisha sauti huja polepole. Na moto huo hula umeme mwingi. Jambo hili dogo lilikuwa na matokeo makubwa katika maisha ya watu, kama tutakavyoona.

Sehemu ya tatu: Bei ya kusikia

Matangazo ya redio katika Afrika ya Mashariki yalianza Kenya mwaka 1928, nayo yalikusudiwa zaidi walowezi wa Kizungu. Tanganyika ilipata kituo chake Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka huohuo Unguja nayo ikaanza kutangaza. Mwaka 1956 kituo cha Dar es Salaam kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, baada ya Muungano, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Lakini kituo bila redio nyumbani ni kama msemaji bila wasikilizaji. Redio za valvu zilikuwa ghali. Mwaka 1949, kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitengenezwa redio ya bei nafuu iliyowekwa ndani ya sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu. Watu wakaiita redio ya sufuria, na baadaye ikauzwa katika nchi nyingine pia. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Betri yake kavu iliuzwa pauni 1 na shilingi 5, yaani shilingi 25, nayo ilidumu kama saa 300.

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Mtu akisikiliza saa 3 kila siku, betri ya saa 300 itadumu siku 100. Kwa mwaka mzima atahitaji betri tatu na nusu na zaidi kidogo. Mara shilingi 25, zafika shilingi 91. Mnaona? Kwa mwaka mmoja betri zilikaribia kumaliza bei ya redio yenyewe. Kununua redio lilikuwa jambo moja. Kuilisha lilikuwa jambo jingine, kama mtu aliyenunua ng'ombe bila kufikiri habari ya majani.

Kwa hiyo watu walisikiliza pamoja. Redio moja ilikuwa na masikio mengi: nyumbani kwa mwalimu, dukani, au katika ukumbi wa ustawi wa jamii. Ilifunguliwa wakati wa habari au wa nyimbo, kisha ikafungwa ili betri isiishe.

Na habari zilizosikika, nani alizichagua? Kituo cha Dar es Salaam kilikuwa chini ya utawala wa kikoloni, nacho kilisema yale ambayo utawala uliyakubali. Lakini redio ya mawimbi mafupi haijui mpaka wa nchi. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na matangazo hayo yaliupinga ukoloni waziwazi. Mwenye redio aliweza kukizungusha kitufe kidogo tu akasikia neno jingine. Hapo twajifunza kwamba serikali yaweza kujenga mnara wa kutangazia, lakini mkono unaozungusha kitufe ni wa msikilizaji.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata Uhuru. Mwishoni mwa Januari 1967 viongozi wa TANU walikutana hapahapa Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Watu wengi ambao hawakuweza kusoma gazeti walipata habari hizo kwa masikio.

Sehemu ya nne: Transista yaja

Mwaka 1947 wataalamu wa Marekani walibuni transista, kipande kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila kuhitaji moto. Mwaka 1954 redio za kwanza za transista zikaanza kuuzwa. Redio ikawa ndogo ya kubebwa mkononi, ikatumia betri ndogo. Mji wa Arusha wenyewe ulipata kiwanda cha Philips kilichotengeneza redio, na mpaka leo kuna mahali mjini panapoitwa kwa jina hilo. Redio za valvu zikawekwa darini.

Mtu angedhani kwamba bei iliposhuka kila mmoja angekwenda kusikiliza peke yake. Wengi walifanya hivyo. Lakini mwaka 1973 yalifanyika mafunzo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 yakafuata Chakula ni Uhai. Kusikiliza pamoja kulianza kwa sababu betri ilikuwa ghali. Kukaendelea kwa sababu watu waliona faida yake. Darasa lenu la leo ni mtoto wa desturi hiyo.

Sehemu ya tano: Kuvitunza vyombo hivi

Sasa tuseme habari ya kazi ya mikono. Ukiitoa redio ya valvu iliyokaa miaka mingi, usiichomeke katika umeme. Narudia: usiichomeke. Ndani yake kuna vifaa viitwavyo kapasita, ambavyo hukauka kwa uzee. Vikipata umeme ghafula vyaweza kupasuka na kuunguza redio yote. Tena kapasita huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme wa ndani ya redio ya valvu waweza kuua mtu. Kazi ya kuifungua mwachie fundi anayezijua redio hizi.

Wewe mwenyewe waweza kufanya haya. Pangusa vumbi la nje kwa brashi laini. Usitupe kipande chochote, hata kifuniko cha nyuma, maana mara nyingi kimeandikwa namba za valvu. Mwombe fundi abadilishe kapasita zilizochoka, na ahakikishe redio imepangwa kwa volti zinazotumika hapa. Ikipona, jueni kwamba itashika mawimbi ya kati na mafupi, hali stesheni nyingi za leo hutumia FM. Hata hivyo nyingi zina tundu la kuunganishia santuri, nazo hutoa sauti nzito yenye joto ambayo wapenzi wake hawaiachi.

Santuri nazo zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, maana zikipata joto hupinda. Zile ngumu za zamani zisipanguswe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha ulimbo wake. Sindano ya chuma ibadilishwe kila baada ya upande mmoja. Wala usiweke sindano hiyo nzito juu ya santuri laini za plastiki zilizokuja kuanzia mwaka 1948; itazikwangua mara moja.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni yenu, wanakisomo, nayo haihitaji fundi. Katikati ya kila santuri pana karatasi ya duara. Imeandikwa jina la mwimbaji, jina la wimbo, kampuni na namba. Mwaka jana pengine usingeweza kuisoma. Leo waweza. Isome, uyaandike yote katika daftari. Kisha mwulize mzee wako: nani aliinunua? Wapi? Ilipigwa katika sherehe gani? Andika na jina la mzee huyo, na tarehe uliyomwuliza. Santuri ikivunjika nakala nyingine yaweza kupatikana mahali pengine. Mzee akifariki na habari zake hazijaandikwa, hakuna duka la kununua nyingine.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini gramafoni iliweza kufika vijijini mapema kuliko redio?
2. Eleza kazi ya valvu kwa kutumia mfano wa mfereji wa maji.
3. Mtu akisikiliza saa 2 tu kila siku, betri ya saa 300 itadumu siku ngapi?
4. Ni nani aliyekuwa na redio ya kwanza kijijini kwenu, na watu walikusanyika wapi kuisikiliza? Mmoja aulize nyumbani, aandike, awasomee wenzake.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu. Mwalimu, sasa darasa ni lako. Kwaherini, wazee wangu na ndugu zangu.