Safu ya Lugha: Choki
Kwenye mialo ya Mwanza, Kirumba au Igombe, injini ya mtumbwi ikigoma kuwaka utasikia "choki imekufa", hata kama kilichokufa ni betri. Kwenye injini, neno hili lina maana moja tu. Limetoka kwenye Kiingereza kwa maana ya kukaba, na kinachokabwa ni hewa: kilango kwenye mdomo wa kabureta hufungwa ili injini ya baridi ipate mchanganyiko wenye petroli nyingi. Choki ya umeme yenye koili hufanya hivyohivyo, ila kilango huvutwa na koili badala ya mkono. Wapo watakaosema choki huongeza mafuta, kwa hiyo ni sawa na praima. Matokeo yanafanana, lakini praima husukuma petroli na choki hupunguza hewa, na tofauti hiyo ndiyo inayomwongoza fundi. Plagi zikitoka zimelowa na kunuka petroli, huenda kilango kimeganda kikiwa kimefungwa. Zikiwa kavu, aanze na njia ya petroli, kisha fyuzi na nyaya za koili ya choki. Mvuvi, mweleze fundi ulichokiona, usimtajie choki kabla hajafungua kifuniko.