Dayodi Nne: Historia Fupi ya Kifaa Kidogo cha Pikipiki

Mhariri wa gazeti letu aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nadhani alitazamia niandike juu ya mabweni, wakuu wa shule waliopita, au timu ya kandanda. Hayo wapo wenzangu wanaoyajua kunishinda. Mimi nimechagua historia ya kitu ambacho hakuna barabara iliyopewa jina lake: kifaa kiitwacho rektifaya, ambacho katika pikipiki za zamani hukaa chini ya kiti, mahali pa vumbi na mafuta, na ambacho mwenye pikipiki hukijua siku kinapokufa tu. Nimekichagua kwa sababu sehemu moja ya historia yake iliandikwa hapa kwetu, na waandishi wake hawakutumia kalamu.

Wasomaji ambao hawakupata kuipenda fizikia wasiogope. Nitakwenda polepole.

Mwaka 1831 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza, aligundua kwamba sumaku ikipita karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Mashine zote za kuzalisha umeme wa gari na pikipiki ni wajukuu wa jambo hilo moja. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akatengeneza betri ya risasi na asidi inayoweza kujazwa tena, na hiyo ndiyo babu ya betri tunazozijua. Ugomvi ukawa kuwapatanisha wawili hao. Sumaku inayozunguka hutoa umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa nukta moja, ambao huitwa mkondo geu. Betri haiutaki umeme wa namna hiyo. Betri hutaka umeme uingie kwa mlango mmoja, kwa upande mmoja, siku zote.

Pikipiki nyingi za miaka ya 1910 ziliukwepa ugomvi huu. Cheche ya plagi ilitoka katika magneto, na taa ya mbele iliwaka kwa gesi ya asetilini itokayo katika kabidi iliyodondoshewa maji. Baadaye ikaja dainamo. Dainamo huugeuza mkondo ndani yake yenyewe, kwa brashi za kaboni zinazosuguana na vipande vya shaba. Katika pikipiki za Kiingereza ilienea sana dainamo ya kiwanda cha Lucas cha Birmingham, yenye volti 6 na wati 60, yaani nguvu ya balbu moja ya chumbani ya wakati ule. Ilifanya kazi yake vizuri, lakini brashi huisha, na kisanduku chake cha kuongoza chaji kilikuwa na vidoleshaba vinavyogusana na kuachana, ambavyo navyo viliungua.

Kwa hiyo wahandisi wakarudi kwa Faraday. Walichukua sumaku wakaifunga kwenye ncha ya krenki, wakaizungushia koili sita zisizosogea, basi. Hakuna brashi, hakuna kinachosuguana. Hiyo ndiyo alteneta ya pikipiki. Pikipiki ya Triumph Speed Twin ya mwaka 1953 ilikuwa miongoni mwa za kwanza za Uingereza kufungwa mtambo huo wa Lucas. Lakini kwa kuwa brashi zimeondolewa, mkondo unatoka ukiwa geu, na ugomvi wa zamani umerudi mezani. Hapo ndipo rektifaya ilipopata ajira.

Rektifaya ni nini? Kila aliyejaza upepo katika baiskeli anaijua valvu: upepo unaingia, hautoki. Dayodi ni valvu ya umeme. Ukipanga dayodi nne katika umbo la almasi, umeme ukija mbele au ukija nyuma, utatokea mlango uleule. Mpango huo ulielezwa na Mjerumani Leo Graetz mwaka 1897, na kabla yake Karol Pollak wa Poland alikwisha kuusajili kuwa wake. Ndiyo maana nimeita makala haya Dayodi Nne.

Dayodi za rektifaya za miaka ya 1950 zilikuwa za seleniamu. Sahani za chuma zilipakwa utando mwembamba wa seleniamu, zikapangwa juu ya bolti moja kama vitumbua kwenye kijiti, zikiachiwa nafasi ya kupitisha hewa. Zilikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, fundi akiikaza nati bila kukishika kichwa cha bolti, sahani zilijipinda na viungo vya ndani vikakatika. Ya pili, seleniamu huzeeka hata ikikaa bure. Mwaka hadi mwaka hupunguza umeme inaoupitisha, na ikiungua hutoa harufu mbaya ambayo aliyeisikia haisahau. Hilo si kosa la mtengenezaji yeyote, ndiyo maumbile ya kitu chenyewe.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinakua. Mwaka 1940, katika maabara za Bell za Marekani, Russell Ohl aligundua kwamba ndani ya kipande kimoja cha silikoni, kitu kitokanacho na mchanga, mna mpaka unaopitisha umeme upande mmoja. Katika miaka ya 1950 dayodi za silikoni zikaanza kuuzwa, na bei ikashuka hadi watengenezaji wa magari wakaweza kuiacha dainamo. Chrysler ilianza na gari lake la Valiant la mwaka 1960, na wengine wakafuata. Ndani ya kila alteneta ya gari au lori zikawamo dayodi sita za silikoni, kila moja ikiwa na ukubwa wa kifundo cha kidole. Msomaji aikumbuke sita hiyo, maana ndiyo inayotuleta nyumbani.

Baba yangu alikuwa bwana shamba wa kahawa wilayani Mbinga. Mwaka 1974 alinunua mkononi pikipiki ya Kiingereza iliyotengenezwa mwaka 1961, akaitumia kuwafikia wakulima milimani. Miaka iliyofuata wakubwa wetu wanaijua. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliigharimu nchi. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri vikawa adimu zaidi. Kufika mwaka 1982 rektifaya ya baba ilikuwa imezeeka. Betri haikujaa, taa ilififia kama kibatari, na kila asubuhi ilibidi pikipiki isukumwe. Kiwanda kilichoitengeneza hakikuwapo tena, na hata kama kingekuwapo, nani angempa bwana shamba fedha za kigeni kwa ajili ya sahani za seleniamu?

Palikuwa na fundi pale mjini. Sitamtaja jina, kwa kuwa jamaa zake sikuwaomba ruhusa. Huyu hakuwa na cheti, wala hakupata kusikia habari za Graetz. Alikuwa na alteneta ya lori bovu. Alizitoa dayodi zake sita na kuzipima kwa betri na balbu. Dayodi nzima huwasha balbu upande mmoja, ukizigeuza waya balbu inazimika. Inayowasha pande zote mbili imekufa, na isiyowasha upande wowote imekufa vilevile. Kwa kipimo hicho aligundua jambo ambalo mimi nililipata darasani: tatu kati ya sita ni za aina moja na tatu ni kinyume chake. Katika tatu za kwanza mwili wa chuma ndio upande chanya, katika tatu nyingine mwili ndio upande hasi.

Akachukua mbili za aina hii na mbili za aina ile. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule ziliunganisha upande chanya wa betri na fremu, kinyume cha za leo. Basi zile mbili zenye mwili chanya alizibana katika kipande cha alumini, nasikia cha sufuria kuukuu, akakifunga moja kwa moja kwenye fremu. Zile mbili zenye mwili hasi alizibana katika kipande cha pili, akakitenga na fremu kwa vipande vya bakelaiti vya swichi mbovu, kisha akavuta waya kutoka hapo hadi upande hasi wa betri. Waya mbili za alteneta akazilehemu kwenye mikia ya dayodi, kila waya kwa jozi moja. Alumini ilizishika dayodi na pia kupoza joto lake. Baba anasema malipo yalikuwa debe la mahindi na ahadi ya miche ya kahawa.

Kifaa hicho kilifanya kazi zaidi ya miaka 30.

Miaka michache iliyopita mzee aliniambia kwamba taa imefifia tena na betri haishiki, na kwamba mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kufika na mizani yake. Bei ilikuwa kwa kilo. Mzee hakulalamika, alisema tu kwamba vipuri vyake havipo duniani. Nilimwomba asubiri hadi likizo yangu. Nilipofungua chini ya kiti nilivikuta vile vipande viwili vya sufuria. Nilizipima dayodi kwa betri na balbu. Tatu zilikuwa nzima, ya nne haikupitisha kitu upande wowote. Mlango mmoja kati ya minne ukifungwa, nusu ya umeme haifiki kwenye betri. Ndiyo habari yote ya taa iliyofifia.

Rektifaya mpya niliijenga kwa siku moja. Katika maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo huuzwa kipande cha mraba, chenye tundu la bolti katikati na miguu minne ya bapa, ambacho ndani yake dayodi zote nne zimekwisha kupangwa. Nilichonunua kinamudu ampea 35, nyingi kupita mahitaji ya pikipiki ile, na bei yake haikufika ya chakula cha mchana cha watu wawili. Nilikifunga juu ya bamba la alumini lenye unene wa milimita 3 ili kipoe, nikapaka grisi ya kupitisha joto katikati yao. Miguu miwili yenye alama ya wimbi ilipokea waya za alteneta. Mguu wa chanya ulikwenda kwenye fremu, na mguu wa hasi kwenye betri kupitia fyuzi. Anayetaka kuiga aangalie kwanza chombo chake kimeunganisha upande gani na fremu, maana katika pikipiki nyingi za Kijapani mambo ni kinyume. Mzee aliipiga teke, ikawaka. Nilipoipandisha mwendo, kipimo kwenye betri ya volti 6 kilipita volti 7 kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Mnunuzi wa chuma chakavu alipewa chai akaenda zake.

Katika kazi yangu serikalini nimesoma majalada mengi ya vyombo vilivyofutwa katika hesabu. Lugha yake ni moja: chombo hakitengenezeki, vipuri havipatikani. Mara nyingi maneno hayo ni kweli. Mara nyingine nimejiuliza kama kati ya mwandishi wa jalada na chombo kile alipita mtu yeyote mwenye betri na balbu. Neno "hakipatikani" lina maana mbili: kwamba kitu hakipo, na kwamba hakuna aliyekitafuta kwa jina la kazi yake. Rektifaya ya mwaka 1961 kweli ilikuwa haipo. Lakini kazi yake, yaani dayodi nne zilizopangwa katika umbo la almasi, ilikuwamo ndani ya lori bovu mwaka 1982, na imo Kariakoo leo.

Tunayo historia ya viwanda vyetu katika sheria na taarifa. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na kumbukumbu zake zipo. Lakini fundi wa Mbinga hayumo katika taarifa yoyote. Alifariki zamani, na wanafunzi wake wametawanyika. Faraday ana vitabu, Graetz ana umbo lenye jina lake. Huyu ana vipande viwili vya sufuria, ambavyo nusura viuzwe kwa kilo. Wenzangu wa zamani, kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hii kijijini au mtaani kwake. Kama yu hai, kaa naye jioni moja na daftari. Kama hayupo, waulize waliomwona akifanya kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwenu wadogo zetu mlioko madarasani: mpango wa dayodi nne umo katika masomo yenu ya fizikia. Msiukariri kwa ajili ya mtihani tu. Siku ya mkutano nitakuja na rektifaya ile ya sufuria, nitaiweka juu ya meza ya maabara pamoja na betri na balbu. Atakayeniambia ni dayodi ipi iliyokufa, nitampa aichukue nyumbani kwao ajenge yake.