Namna ya kupinga thamani ya ploti yako bila kumlipa wakili

WAMILIKI wengi wa nyumba mijini hushtuka wanapopokea ankara ya kodi ya ardhi, kisha hukimbilia ofisi za kaunti kulalamika. Aghalabu huwa wamechelewa. Karani wa malipo hana uwezo wa kubadilisha thamani iliyomo katika daftari la uthamini, na ankara hutokana na daftari hilo.

Wakati wa kupigania haki ni pale kaunti inapotangaza kwamba daftari jipya, au nyongeza yake, liko wazi kukaguliwa na umma. Chini ya Sura ya 266 ya sheria za Kenya, muda wa kuwasilisha pingamizi ulikuwa siku 28. Sheria hiyo ilifutwa na ile ya kitaifa iliyotiwa saini Desemba 2024, kwa hivyo zingatia tarehe ya mwisho iliyochapishwa katika tangazo lenyewe.

Pingamizi huhusu thamani, wala si asilimia ya kodi. Kwa takriban miongo minne Nairobi ilitumia daftari la 1980, ikafikia kutoza asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Ploti iliyothaminiwa kwa Sh100,000 ilidaiwa Sh34,000 kwa mwaka. Anayeona asilimia ni kubwa mno anapaswa kufika katika vikao vya maoni ya umma kuhusu mswada wa fedha wa kaunti.

Kabla ya kuandika lolote, uliza thamani imekadiriwa kwa msingi gani. Nairobi ilizoea kuthamini ardhi tupu bila jengo. Chini ya utaratibu huo, kueleza kwamba paa linavuja au kuta zina nyufa ni kupoteza wino.

Hoja zenye uzito ni zile za ardhi yenyewe: ukubwa uliorekodiwa unapita ule wa hatimiliki, sehemu ya ploti imo kando ya mto ambapo ujenzi hauruhusiwi, nyaya kubwa za umeme zinapita juu yake, hakuna barabara ya kuifikia, au imeorodheshwa kuwa ya biashara ilhali ni makao.

Aidha, daftari likiwa wazi, soma pia thamani za ploti za majirani. Ikiwa ploti inayopakana na yako, yenye ukubwa na matumizi sawa, imewekewa thamani ndogo, taja nambari zote mbili. Ambatisha nakala ya hatimiliki, ramani ya upimaji na picha, na uhakikishe nakala yako ya barua imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Hata hivyo, usiache kulipa ukisubiri uamuzi. Riba hulimbikizwa, na asiye na cheti cha kutodaiwa kodi hawezi kuuza ploti wala kuihamisha kwa jina la mwanawe.

Usiporidhika na uamuzi wa kaunti, sheria ya 2024 iliweka jopo la kitaifa la kusikiliza mizozo ya kodi hii.